Mnyapara Aliyesoma Majina

Jina lake nalijua, ila silitaji. Majina ya wenye makosa nitayataja hapa, na lake halimo. Sisi tulimwita Mnyapara. Mkewe naye alimwita Mnyapara, na hata mchungaji akimwombea kanisani alisema, "Ewe Mungu, mkumbuke Mnyapara," kana kwamba huko juu nako kuna magunia.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, mambo hayo waulizwe waliosoma. Mimi niliacha shule darasa la pili. Najua nilichokiona kwa macho yangu, na nilichokifanya kwa kinywa changu.

Nilimjua kwenye banda la magunia kule Changamwe, karibu na reli, miaka ile vita vya Wazungu vilipokuwa vikiisha na ile iliyofuata. Magunia yaliletwa kutoka bandarini yametoboka, ya mahindi, ya kahawa, ya sukari. Tuliyakung'uta vumbi, tukayatia viraka, tukayashona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, kisha tukayafunga marobota yarudi kazini. Tulikuwa watu kama hamsini, Warabai, Wagiriama na Wataita wachache, tumekaa chini safu safu kama watu waliokuja matangani. Wengi wetu tulipanga vyumba Chaani. Jioni ungetujua njiani kwa kukohoa, na kwa nyusi, maana vumbi la gunia hukaa kwenye nyusi hata ukioga.

Alikuwa mtu mfupi, shingo nene, sauti nyembamba kama ya mwanambuzi. Hakuna aliyeiogopa sauti ile. Akitaka kunyamazisha banda alipiga robota kwa bakora, vumbi likatuingia puani na kooni, tukanyamaza kwa kukosa pumzi. Alivuta ugoro wake peke yake na hakumpa mtu. Ukimwomba alikuambia, "Ugoro si maji ya kisima." Lakini ukiugua alikuja kwako, akakaa mlangoni akinusa ugoro wake kimya, akaondoka bila kusema pole. Mke wangu Dama alisema, "Huyu mzee huja kuona kama utakufa au utarudi kazini." Nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka siku nilipogundua kwamba zile siku nne za homa yangu zilihesabiwa kama nilikuwapo.

Nisimfanye malaika. Kuku zetu aliwala. Ukitaka kazi ya magunia ulikwenda kwake Jumapili, baada ya ibada, na kuku mkononi. Wengine walipeleka tetea, mimi nilimpelekea jogoo mwekundu niliyemkopa kwa shemeji. Akamshika miguu, akampima uzito, akamtazama usoni.

"Huyu ameugua au amefiwa?"

"Ni mzima, Mnyapara."

"Basi ana mawazo. Mrudishe akanenepe. Wewe njoo kesho."

Kesho nikaenda, nikapewa shazia na kipande cha ngozi cha kukinga kiganja. Jogoo yule hakunenepa kamwe, na Mnyapara hakumdai. Kwake yeye, akishakula kuku wako, au akishakubali kumla, wewe ni mtu wake. Hafukuzi. Miaka yote niliyokaa pale kabla ya mambo kuharibika, sikumwona akimtoa mtu kazini, hata yule Mtaita aliyemtukana mama yake mbele ya banda zima. Alimpiga bakora moja ya mgongo, akamwambia, "Shona."

Na alikuwa na neno lake la kila siku. Ukishona mbio alisimama mbele yako, akakufunika kivuli, akasema, "Shona kama mtu aliyekula." Tulimcheka. Nani kati yetu alikuwa amekula? Lakini nilikuja kuelewa makusudi yake. Anayeshona mbio huwaonyesha wakubwa kuwa inawezekana.

Hapa lazima nieleze kikoa, maana ndicho kiini. Karani wetu, Silvano, na jina hilo naliandika kwa wino mzito, alipita saa kumi alasiri kuhesabu. Kila mtu alitakiwa awe na magunia thelathini mbele yake. Vijana tuliweza thelathini kabla ya chakula cha mchana. Wazee, waliokaa upande wa ukutani, hawakufika ishirini hata jua lizame. Basi ukishatimiza yako, yale ya ziada ulimsogezea wa kushoto kwako, naye akitimiza akasogeza kushoto, hivyo hivyo mpaka ukutani. Saa kumi ikifika, safu nzima ilikuwa sawa, kama vichwa vilivyonyolewa na kinyozi mmoja. Hakuna aliyetufundisha. Nilipofika nilikuta mambo ni hayo. Tuliita kikoa, kama wale wanaolishana kwa zamu.

Mwisho kabisa wa safu, mgongo ukutani, alikaa Chengo. Macho yake yalikuwa yamefanya ukungu, alishona kwa vidole. Ila mshono wake! Ungeupitishia mkono usijue gunia lilichanika wapi. Ukimsogezea gunia alilipapasa, akasema kwa sauti, "Hili la Jonatani. Mshono wa mtu anayekimbia mvua." Jonatani ndiye mimi. Banda likacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nilimpenda. Niseme hilo kabla sijaendelea. Nilimpenda mzee yule.

Kanisani Mnyapara alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mchungaji akianza habari za uvumilivu, alisimama akatoka nje kunusa ugoro, akarudi wakati wa sadaka. Siku moja mchungaji alimuuliza sababu. Akajibu, "Uvumilivu nimeshahitimu, Baba. Nasubiri somo lingine." Na mtu huyo huyo alituamuru tumtii Bwana Haskel, msimamizi wa banda, tuvue kofia tukimwona, tusibishe. Hasira yake sikuijua ilikokaa. Pengine aliitunza, kama ugoro.

Mshahara wenyewe ulikuwa wa kutia aibu. Kodi ya chumba ikitoka, unga ukitoka, katikati ya mwezi ulikuwa unaangaliana na mkeo. Vita vilipokwisha tulidhani bei zitarudi. Hazikurudi. Kipande cha papa ambacho zamani kililisha nyumba siku tatu kikawa cha kunusa. Mji mzima ulinung'unika, bandarini, relini, majumbani kwa Wazungu, mpaka serikali ikamtuma mtu wa mambo ya kazi kuzunguka na kuuliza watu wanaishije. Alifika kwetu na mkalimani. Akauliza tunataka nini. Tukatazama chini. Mnyapara, aliyekuwa akituambia tusibishe, akavua kofia, akasema kwa ile sauti yake:

"Mwambie Bwana, hatuombi nyama. Twaomba tusichague siku ya kula."

Haskel alimtazama kama mtu aliyeona kiti chake kimesema. Nasi usiku na mchana tulilirudia neno lile, huko Chaani mpaka wanawake kisimani walilijua.

Na kweli, haikupita muda mrefu, ikatangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara kimepanda na hakuna mfanyakazi mjini atakayelipwa chini yake. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Dama alikuwa na mimba ya kwanza. Aliposikia alikaa chini, akasema, "Basi nitanunua kitanda. Sitaki kuzaa mkekani kama mama." Hakusema nguo, hakusema nyama. Kitanda. Kuanzia saa ile kitanda kile kilikuwa kichwani mwangu kama kimeshanunuliwa.

Asubuhi yake Haskel akatukusanya. Silvano alifasiri huku akichezea penseli sikioni. "Bwana asema, serikali imemwambia alipe zaidi. Haikumwambia alipe wangapi. Wiki hii kila mtu atapimwa kazi yake mwenyewe, gunia kwa gunia. Anayestahili mshahara mpya ataupata."

Mnyapara alitungoja bombani, tulipokuwa tukinawa. "Sikilizeni. Penseli hiyo itapita, itakwenda. Shoneni kama jana. Thelathini, basi. Kikoa kiende chini kwa chini. Asiwepo wa kujionyesha."

"Ndiyo, Mnyapara," tukasema sote. Na mimi nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengi.

Siku hiyo ya kwanza Silvano alisimama nyuma yangu. Aliniangalia kitambo, kisha akasema taratibu, wa karibu tu wasikie, "Wewe ndiwe mwanamume. Serikali ilipofikiria mshahara ilikufikiria wewe, si hivi vikongwe." Maneno matupu. Lakini nilikuwa kijana, mke ana mimba, na kitanda kichwani. Nikaongeza mwendo. Jirani yangu akaniona, akaongeza. Wa mbele yetu akasikia shazia zinavyolia, akageuka, akaongeza naye. Siku ya tatu banda lilikuwa kama mashindano ya ngoma. Watu walitaniana: "Wewe mkono au konokono?" "Leo nakuzika, bwana we!" Tuliamini, wallahi tuliamini, kwamba mtu akionyesha anaweza, mshahara utamjia bila ugomvi. Tulikuwa tunajipimia kamba za kutufunga wenyewe, tena kwa kicheko. Mnyapara alipita katikati yetu akifunika kila mmoja kivuli, akisema lile neno lake, na hakuna aliyeinua kichwa.

Nilifikisha hamsini na mawili. Silvano alihesabu mara mbili, akachuchumaa karibu nami.

"Jonatani, niambie. Kila siku una thelathini. Leo hamsini na mawili. Yale mengine huwa yanakwenda wapi?"

Ningeweza kusema Mungu kanisaidia. Ningeweza kusema jana niliumwa. Nikasema, "Huenda ukutani."

"Ukutani kwa nani?"

"Kwa wazee. Kwa Chengo na wenzake."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za hali ya hewa. Akanipa sigara. Nikaivuta hapo hapo, mbele ya watu, nikiona fahari.

Jumamosi mchana tulisikia kelele ofisini, ile sauti nyembamba ikipita kwenye mabati: "Nipunguze mimi kwanza! Andika mimi!" Kisha Haskel akatoka, na Silvano, na nyuma yao Mnyapara na karatasi. Alijua kusoma, alisoma Zaburi kila jioni. Wakampandisha juu ya robota, wakamsomesha.

Alisoma polepole, kila jina na la babaye, kama anayemwita mtu aliye mbali. Upande wa ukutani walikwisha wote. Kisha wenye vifua vibovu. Kisha wawili waliokuwa wazima lakini wenye maneno mengi. Karibu nusu ya banda. Alipofika kwa Chengo, mzee akainua uso usiokuwa ukimwona.

"Umesema Chengo yupi, Mnyapara?"

"Chengo ni mmoja tu."

"Na kuku wangu je?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akakatiza. Mnyapara akasoma jina lililofuata.

Alipomaliza vijana wakainuka. "Nani ametoboa habari ya kikoa? Atajwe!" Walikuwa na shazia mikononi. Mimi nilikuwa nimekaa, naangalia ngozi ya kiganja changu. Mnyapara akasema, "Mimi ndiye mnyapara. Kinachotoka katika banda hili, hutoka kwangu." Wakamtemea mate, yakaangukia koti lake la kaki. Hakujifuta. Wala macho yake hayakunijia, nikajiambia hajui.

Wako watu mpaka leo husema, mnaona, mshahara ulipopanda kazi zikapungua, afadhali ungebaki chini. Mimi husikia damu inachemka. Mshahara ule ulikuwa haki yetu, na bado ulikuwa mdogo. Nilikula nyama kwa ajili yake. Kitanda kilinunuliwa, cha mbao, na mtoto akazaliwa juu yake, na huwezi kuniambia hilo lilikuwa baya. Lakini nyongeza yangu ilitoka wapi? Haikutoka mfukoni kwa Haskel. Ilitoka kwenye sahani ya Chengo. Haskel ndiye aliyeamua itoke huko, Silvano ndiye aliyemwonyesha njia, na aliyemwonyesha Silvano ni mimi, Jonatani. Nimewataja wote watatu.

Hamsini ikawa sheria. Si ya vijana, ya kila aliyebaki. Asiyefika hamsini, kesho asije. Kikoa kikafa, maana nani ana la ziada? Tukawa tunakaa mbalimbali, kila mtu na rundo lake, kila mtu akilichungulia la mwenzake. Baada ya miezi michache Haskel akaona watu wanaochungana wenyewe hawahitaji mnyapara. Akamwondoa naye. Alitoka na bakora yake na kikopo cha ugoro, na hakuna aliyemsindikiza hata hatua moja. Tuliobaki tuliendelea mpaka vidole vikapinda na vifua vikajaa. Kati ya wale wote, ninaowajua kuwa wako hai ni watatu. Mimi ni mmoja, sijui kwa nini.

Chengo alivuka kwenda Likoni, akapata kazi pekee waliyokubali kumpa mtu asiyeona vizuri, kuchimba mawe ya kujengea. Ukingo wa chimbo ulimwangukia. Nilisikia habari hiyo nikiwa juu ya kitanda changu.

Miaka mingi ilipita kabla sijasikia kwamba Mnyapara yu hai, huko Shika Adabu, upande wa Likoni. Nilivuka asubuhi moja. Nilimkuta mlangoni pake, ungo magotini, anachagua mchele.

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba." Akainua uso, akanitazama sana. "Jonatani. Umezeeka vibaya."

"Na wewe je?"

"Mimi nilianza zamani. Kaa."

Nikakaa. Akauliza mke, akauliza watoto, akauliza kifua. Nilijibu yote. Halafu nikasema, kwa haraka, kabla sijaghairi, "Mnyapara, habari ya kikoa niliitoa mimi. Nilimwambia Silvano."

Akatupa jiwe moja dogo nje ya ungo. "Silvano aliniambia siku ile ile. Kabla sijapanda robota."

"Ulijua! Na hukunitaja?"

"Nikutaje wakuue? Na mkeo ana mimba?" Akachagua tena kidogo. "Wala usidhani nilikupenda. Nilikuchukia sana. Lakini ulikuwa mtu wangu."

Machozi yakanitoka. Nikaanza kusema samahani, akanizuia kwa mkono.

"Hiyo usinipe mimi. Waiona ile nyumba yenye mlango wa bati? Ni ya mjane wa Chengo. Chengo alipokufa nilihamia huku, nikasema nitamchotea maji, nitampasulia kuni. Maji yangu aliyamwaga. Ajua ni mimi niliyemuuza mumewe, kwa kuwa ni mimi niliyesoma. Kila asubuhi namwamkia. Haitikii. Nilisema nitazoea." Akautikisa ungo. "Sijazoea, Jonatani. Mimi ni mzee, mke wangu amekufa, na jirani yangu wa karibu haniitikii salamu. Nenda ukamwambie. Ni maneno machache. Kwa Silvano yalikutoka."

Nikainuka. Kutoka mlango wake mpaka ule wa bati ni hatua kama hamsini.

Mama yule alikuwa uani anasuka ukili. Nikapiga hodi.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Watoka wapi?"

"Changamwe, mama."

"Eeh, Changamwe! Tulikaa kule sisi. Mume wangu alikuwa fundi wa magunia, Mungu amrehemu. Mshono wake hukuuona mwanzo wala mwisho." Akainuka, akaniletea maji kwenye bilauri safi, akasimama akiningoja ninywe. Alikuwa na uso mwema. "Haya, mwanangu, waitakani?"

Nilifungua kinywa. Niliyashika maneno yote, yalikuwa pale, machache kama alivyosema.

"Nimepotea, mama. Naitafuta njia ya feri."

Akacheka. "Si hiyo hiyo uliyojia?"

Nikamshukuru kwa maji.

Mnyapara alikuwa amesimama mlangoni, ungo ameuweka chini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Asemaje?"

"Asema... asema ni ya zamani hayo. Yamekwisha."

Aliingia ndani, akatoka amevaa shati safi jeupe, vifungo havikulingana. Alijaribu kuvirekebisha, kisha akaviacha.

"Basi nikamwamkie," akasema.

Nikamuaga, nikashika njia. Sikuwa nimefika mbali nilipomsikia akipiga hodi. Nikaongeza mwendo, nisisikie kama ataitikiwa.